Msiba wa mzee Hachi

Asubuhi hii kabla hata sijanawa uso, na maji yenyewe mnajua hali, mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Nkuhungu, Dodoma, kanitumia meseji, hajasalimia wala nini, "sukari ya watu kilo tano na rambirambi vinarudi lini?" Jamani. Mimi sukari sikuomba. Msiba sikutangaza. Mwenye kesi ya kujibu ni konda wa basi na flashi yake.

Nilikuwa natoka zangu Dar, nimekaa kwa heshima zangu, shati la mikono mirefu, bahasha ya kaki mapajani, mtu mzima mwenye familia. Tumeshaiacha Dumila konda anachomeka muvi. Sasa sisi wengine tumekulia vibanda umiza, enzi za Lufufu anatutafsiria muvi kwa Kiswahili, na sheria tunaijua, steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, dakika za mwisho anarudi kumalizana na adui watu wanapiga kelele mpaka bati linatikisika. Hii ya konda steringi ni mbwa. Nikasema afadhali nitalala, maana mimi na mbwa wa mtaani kwetu hatujawahi kuelewana tangu nihamie.

Hachi ndio jina lake. Muvi ya 2009, mwenye mbwa ni Richard Gere, profesa, kila siku anapanda treni kwenda kazini na mbwa anamsindikiza stesheni, jioni anaenda kumpokea. Basi. Hakuna bunduki, hakuna helikopta. Nikaanza kusinzia. Tunafika Gairo na ule upepo wake, profesa anadondoka mbele ya wanafunzi anakufa, na mbwa nani atamwambia? Jioni kaenda stesheni kukaa pale pale. Kesho yake kaenda. Theluji inaanguka, kaenda. Watu wanashuka kwenye treni yeye anawakagua mmoja mmoja. Jirani yangu wa dirishani, baba mmoja ana shingo kama fahali, akavuta kofia mpaka puani. Mama wa siti ya nyuma akasema kwa sauti, "si wamchukue tu mtoto wa watu?" Mtoto wa watu! Mbwa! Halafu tunaitafuta Pandambili mjane wa profesa anarudi baada ya miaka, anashuka stesheni, anamkuta mbwa kazeeka na bado anasubiri, mama wa watu akakaa pale kusubiri nae, na yule aliyepiga kinanda kwenye kile kipande sijui tulimkosea nini.

Sikulia. Naomba hilo lieleweke. Kulikuwa na vumbi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, sawa, lakini vumbi la huku kwetu tangu lini linapitia dirishani. Tatizo macho niliyapangusa kwa mkono ule ule nilioshikia yai la kuchemsha lenye pilipili, kwa hiyo nashuka stendi ya Nzuguni macho yamevimba, kamasi zinatoka, na wa kwanza kuniona ni boda wa mtaani kwetu.

"Mzee pole, vipi tena?"

Koo limenikaba, neno lililotoka ni "Hachi."

"Hachi kafanyaje?"

"Kafa."

"Maskini! Kafia wapi?"

"Stesheni. Alikuwa anasubiri."

"Muda mrefu?"

Nikamwambia karibu miaka kumi. Boda akanyamaza mpaka nyumbani na hela hakuchukua. Hapo ndio ningeshtuka, boda gani hachukui hela.

Nimejilaza kidogo, naamka jioni nasikia watu wengi nje. Kutoka, nakuta turubai limeshafungwa kwenye mwarobaini, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wamebandika masufuria yale ya shughuli, mwenyekiti wa kikundi ana daftari. Na habari imeshakamilika bila mimi. Mzee Hachi, mjomba wangu, mstaafu wa reli, kafuatilia mafao yake miaka kumi nenda rudi, kafia stesheni akisubiri kulipwa.

Ndugu zangu, neno mafao likitajwa mbele za watu wazima mnajua kinachofuata. Msiba uliwaka. Maana kila mtu pale ana wa kwake. Mwalimu mmoja mstaafu akasimama kutoa pole, akaanza vizuri tu na marehemu, akahamia kwenye kikokotoo cha mafao, akafika kwenye faili lake ambalo kila akienda wanamwambia halionekani mara limeonekana ila halina picha, mara picha ipo ila aliyekuwa nalo kahamishwa, mwisho akashindwa kuendelea akakaa. Analia machozi ya kweli. Akina mama wakampokea. Mzee mwingine, ambaye kazi ya reli sijawahi kumsikia akiitaja, akasema Hachi alikuwa anamfahamu vizuri, walikuwa wote Saranda miaka hiyo, "mtu mpole yule, hana maneno, ukimpa chakula anakushukuru kwa macho tu." Watu wanatikisa vichwa. Mimi kila nikifungua mdomo nieleze mtu ananishika bega, "kaza moyo mwanaume, acha kwanza usiongee." Nikakaa kwenye mkeka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwinjilisti akauliza marehemu kaacha watoto wangapi ili aombe vizuri. Bahati mbaya mke wangu ndio anaingia kutoka kwaya. "Hachi ndio nani? Ndugu zako wote mimi nawajua, hadi wanaodaiwa." Kimya. Na ndipo mwanangu wa kidato cha pili, ambaye nyumbani haongei ila akiishiwa bando, akaamua leo aongee. "Hachi si yule mbwa?" Halafu akatoa simu akawasomea wazee wa watu kama yuko paredi. Kwamba mbwa mwenyewe alikuwepo kweli, Hachiko, Japani huko Tokyo, mwenye nae profesa Ueno, alikuwa anafundisha kilimo, kafariki 1925, mbwa kaendelea kwenda stesheni ya Shibuya kumsubiri mpaka nae alipokufa 1935, na sanamu walishamsimamishia 1934 akiwa hai bado, anaiona.

Yule mwalimu mstaafu akainua kichwa taratibu. "Yaani mbwa kasubiri miaka kumi akajengewa sanamu?" Akavaa kofia yake akaondoka, hata chai hakunywa.

Mzee wa Saranda akasema basi walikuwa wawili.

Wengine wakabaki, maana wali ulishaiva. Mwenyekiti anapekua daftari anatafuta katiba inasemaje kuhusu mbwa, huku anatafuna. Wamekula! Sasa hiyo sukari nirudishe kutoka wapi, imo matumboni mwao.

Na wanaonicheka mtaa huu nawajua wote. Mna nini na ule ubao wa Titanic? Muvi ya 1997, mpaka leo vijiweni watu wazima wanagombana Jack angetosha pale juu na Rose au asingetosha, hadi James Cameron aliyeiongoza ikabidi 2023 aonyeshe majaribio ya watu kwenye maji baridi, na akakubali kwamba pengine kijana angepona. Miaka yote hiyo kaua mtoto wa watu bure! Au hii ya simba ya 1994, majina wamechukua kwetu, Simba, Rafiki, halafu baba mtu anauawa mchana kweupe mbele ya mwanae, na hiyo mnawawekea watoto wa chekechea mnasema katuni. Bongo muvi nazo unalia saa nzima, ukifika mwisho unaambiwa subiri pati tuu. Ingawa Kanumba, mwigizaji wetu, alipofariki Aprili 2012, pale sitanii. Ile siku mtaa mzima tulimlilia steringi na hakukuwa na pati tuu.

Mke wangu mwenyewe ana tamthilia yake ya Wakorea, kila jioni anakoroga mlenda huku anafuta macho kwa kanga kisa mfalme kamkataa binti. Juzi namwambia mwenye nyumba kapandisha kodi, nikasubiri hata kope moja ilowe. "Sogea hapo unaniziba."

Safari nyingine napanda treni ya SGR, yale mabasi basi tena. Tatizo napo utashukia stesheni, na nikishuka stesheni najua nitaanza kuangalia chini kama kuna kitu kimekaa. Na bajaji wa pale nao! Juzi nilienda kumpokea shemeji, jamaa kanitajia bei ya kuja Nkuhungu nikamuuliza hiyo ni nauli au ananiuzia bajaji, akaniangalia usoni akasema mzee panda tu nitakupunguzia, mbona unataka kulia.