Vibandiko vya vitabu vya baba

Mwezi uliopita nilikuwa Mombasa. Nikapita kwa muuza vitabu vya mitumba, nikainua kitabu cha tendi, nikakijua papo hapo. Kilikuwa cha marehemu baba. Mwandiko wake wa penseli umo pembezoni, lakini ukurasa wa kwanza, pale alipozoea kuandika jina lake, umechanwa. Aliyekichana alijua anachokifanya. Nilikinunua nikarudi nacho Lamu, moyo umenijaa.

Ndiyo maana nikaenda mtaa wetu wa Mkomani, hapa Lamu, kwa binti mmoja anayechonga picha kwenye linoliamu, lile tandiko laini la sakafu linalochongeka, na kuzichapa kwa mkono. Nikamwomba anitengenezee vibandiko 60, vyenye jina la baba, vya kubandika ndani ya majalada ya vitabu vyake vilivyobaki. Shilingi elfu tisa. Ami yangu alipoviona alishika kimoja kwa ncha za vidole akaniuliza, "Mwanangu, elfu tisa kwa vikaratasi? Si ungetoa kwa kompyuta?"

Tangu siku hiyo sijatulia.

Nilikaa na fundi huyo darini alasiri nzima. Babake ni mchonga nakshi, na patasi ndogo anazotumia ni za babake. Alichukua waridi lililo kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango wetu, akalitia katika kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu. Jina alilichonga kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa chapa hugeuza kila kitu, ilibidi alichonge kinyume, herufi zikianzia kushoto kwenda kulia. Alipokaribia kumaliza, patasi iliteleza ikakata mkia wa herufi ya mwisho. Linoliamu haina kiraka. Alikiweka kando kile kipande, akavuta kingine, akaanza upya bila kusema neno. Kisha wino kwa rola, karatasi juu, na mgongo wa kijiko cha mti ukisugua polepole kutoka katikati. Mara 60. Na kila mara anainua ncha moja ya karatasi kutazama kama wino umeshika. Hizo ndizo shilingi 150 za kibandiko kimoja.

Ami huyohuyo alipojenga, alimlipa fundi wa mlango bila kubishana, na alifanya haki. Mbona basi mkono uleule ukihama kutoka kwenye mbao za mbambakofi kuja kwenye karatasi, ujira wake unakuwa wa kuombea? Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ilinakshiwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Wazee wetu waliandika wakfu ndani ya vitabu, kwamba havitauzwa wala havitarithiwa. Kitabu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Nani aliyetuambia hayo ni mambo ya Wazungu? Wao wanayo yao, ni kweli. Zaidi ya miaka 500 iliyopita Albrecht Dürer, Mjerumani bingwa wa chapa za mbao, alimchorea rafiki yake Willibald Pirckheimer wa Nürnberg kibandiko chenye maneno ya Kilatini, maana yake "kwa ajili yake na rafiki zake". Dürer, na sifa zake zote, hakukiona kibandiko kuwa ni kazi ndogo.

Nakubali, kwa vibandiko peke yake binti huyu hawezi kula. Wenye maktaba nyumbani ni wachache. Picha za vitabu vya watoto ndizo zinazomlipia kodi, na huko nako anaumizwa. Mchapishaji mmoja alimlipa picha 12 mara moja tu. Kitabu kikarudi mtamboni mara ya pili, hakuona senti, na jina lake halimo popote ndani. Mtoto anaifunua picha ile, anaipenda, na hana njia ya kumjua aliyeichonga. Linaniuma kama ule ukurasa uliochanwa.

Jana usiku nilikoroga gundi ya unga wa ngano, nikabandika cha kwanza ndani ya kitabu nilichokikuta Mombasa, pale palipobaki ncha za ukurasa uliochanwa. Chini ya jina la baba nilimwomba fundi achonge maneno "na watakaokisoma". Wino bado unanuka mafuta.