Peugeot naipenda, lakini watoto nawabeba kwa Fielder

Peugeot 504 ya baba, ile ndefu ya safu tatu za viti, bado iko kwetu Kisumu na bado inawaka. Naiheshimu sana. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikashinda tena mwaka wa 1978, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi.

Lakini nikiwa na watoto nachukua Toyota Fielder. Wazee wa mtaani hunipinga: "Hilo lenu ni mkebe, Peugeot ni chuma." Hapo ndipo tunapokosana. Bodi ya gari la kisasa imeundwa ikunjike mbele linapogonga, ili kishindo kiishie kwenye boneti kabla hakijamfikia aliyeketi. Chuma kisichokunjika hukipitisha hadi kifuani mwa dereva. Gari litabaki na mkwaruzo, mwenyewe atolewe kwa machela.

Halafu breki. Kericho mvua ya alasiri ni jambo la kawaida. Ukikanyaga breki ghafla ukiteremka kutoka Kapsoit kwenda Awasi, magurudumu ya Peugeot yetu hujifunga, na hapo usukani hauna kazi tena. ABS ya Fielder, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, hushika na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde moja. Pedali inatetemeka chini ya unyayo, lakini trela bado unaweza kulikwepa. Na ile safu ya nyuma kabisa ya Peugeot, tulikokuwa tukikaa sisi watoto, haina hata mkanda mmoja.

Kwa matengenezo, Peugeot inashinda. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, unaifungua kwa bisibisi, unaipuliza, safari inaendelea. Ingawa ikipanda Mau Summit, hewa inapokuwa nyepesi, hunywa petroli kwelikweli, ilhali Fielder hujirekebisha yenyewe.

Kinachonikera ni watu kununua gari la kisasa kisha kuua kile kinacholifanya liwe salama. Taa ya ABS au ya mifuko ya hewa ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anaambiwa aing'oe tu. Ukienda kununua gari la mtumba, geuza ufunguo bila kuwasha injini, utazame. Taa hizo ziwake, kisha zizimike baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa usiiamini, hata muuzaji akikuapia. Fundi wako aunganishe mashine ya kupima kabla hujatoa shilingi yoyote.