Mkwe Aliyeililia Firigisi

Ufundi wangu wa saa haujawahi kumlisha mtu. Ni starehe tu ya mtu mzima mwenye meza karibu na dirisha, lensi ya kubana jichoni, vibano viwili na bisibisi nyembamba ambazo ukizikazia zinapinda. Vipande naagiza China. Kasha linakuja wiki hii, uso mwezi ujao, mishale inapotelea posta mpaka niisahau, ndipo inatokea. Nikishavikusanya nakaa navifunga mpaka vianze kupiga. Mke wangu anasema Kariakoo saa zipo zimeshafungwa, tena zinakusomea na mapigo ya moyo. Simbishii. Mapigo ya moyo wangu anayajua yeye, ndiye anayeyapandisha.

Saa ya kisa hiki nilimkusudia baba mkwe, aliyestaafu reli na sasa anaishi Muheza. Macho yamechoka. Saa yake ya zamani ilishakufa, lakini bado anaivaa kwa sababu, anasema, mkono umeshazoea uzito. Mtu aliyefanya kazi kwenye reli ya Tanga, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, nikaona anastahili saa ya Kijerumani. Ya Kijerumani kwa sura tu: imetengenezwa China na kufungwa Temeke.

Sura yenyewe ni ya zile saa walizovaa waongoza njia wa ndege za kivita za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walizitengeneza kampuni tano: IWC, Lange, Laco, Stowa na Wempe. Zilikuwa na upana wa milimita 55, kiasi kwamba zilivaliwa juu ya koti kwa mkanda mrefu. Uso mweusi, tarakimu kubwa zinazong'aa gizani, na pale juu, mahali pa kumi na mbili, pembetatu yenye nukta mbili ili mvaaji asiishike saa kichwa chini. Mzee angeisoma hata bila miwani. Yangu niliipunguza ikawa milimita 44, maana mzee wetu harushi ndege. Na mshale wa sekunde nikauacha kabisa. Mstaafu ana haraka gani?

Ndani niliweka mashine ya Kichina iliyoigwa kutoka Unitas 6497 ya Uswisi, ambayo asili yake ni saa ya mfukoni. Inatiwa ufunguo kwa mkono na inapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde. Wanaojifunza huipenda kwa sababu vipande vyake ni vikubwa. Vikubwa kwa hesabu za saa lakini: kikidondoka sakafuni, ukianza kukitafuta baada ya Adhuhuri unaweza kukipata kabla ya Magharibi.

Sasa shikeni jambo moja, mengine mkisahau si neno. Saa za namna hii zina ufunguo wa pembeni mkubwa wenye umbo la kitunguu, umechongwa mifereji pande zote, ili mvaaji auzungushe hata akiwa na glavu. Wenyewe tunauita hivyohivyo, kitunguu. Ukubwa wake ni kama punje nono ya hindi. Unang'aa.

Tulifika ukweni siku moja kabla ya Idi. Zawadi ilikuwa siri, angepewa mzee mbele ya wageni baada ya chakula. Usiku wa kuamkia safari niligundua kitunguu hakijakaa vizuri kwenye kasha. Kimechomoza, unapitisha ukucha katikati. Kijiti kinachokishikilia kilikuwa kirefu kuliko inavyotakiwa, kwa kiasi cha kupigwa tupa kidogo tu. Kazi ya dakika chache. Nikabeba vifaa.

Mchana ule mzee alikuwa amekwenda sokoni. Nikajitandikia jamvi ukumbini, upande wenye mwanga, nikachomoa kijiti kutoka kwenye saa, nikakifungua kitunguu, nikakiweka kwenye kifuniko cha chupa. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na ungo wa mahindi ambayo mama mkwe alikuwa amepukuchua. Na penye ungo wa mahindi, hata ufukuze vipi, wapo wenyewe.

Nilikuwa nimefumba jicho moja na jingine limezibwa na lensi. Kwa hali hiyo mtu unaona vumbi lililo kwenye ncha ya kibano na huoni ng'ombe akipita mbele yako. Nikasikia *kwa!* juu ya kifuniko. Nilipoitoa lensi, mbele yangu alikuwa amesimama kuku kishingo, mtetea mwekundu. Kwa msiojua, kishingo ni yule kuku ambaye shingo yake haina manyoya hata moja, tangu kuzaliwa yuko tayari kwa sufuria. Na kwa kuwa shingo ilikuwa wazi, nilikiona kitunguu kikishuka. Taratibu. Kikasimama kidogo katikati, kuku akanyoosha shingo, akafumba jicho, kikaendelea na safari hadi kwenye gole.

Nilimrukia. Akanikwepa na kukimbilia uani huku akipiga kelele za kuitisha kijiji. Mama mkwe akachungulia dirishani, akamwona mkwe wake, shati limetoka suruali, anafukuza kuku wake anayetaga.

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu, mama. Tunacheza."

Akarudisha kichwa ndani polepole.

Shahidi wangu pekee alikuwa mtoto wa dada yake mke wangu, kijana wa darasa la tatu, ambaye ndiye aliyenisaidia kumbana kishingo nyuma ya choo. Tukalipapasa gole: mahindi, mahindi, mahindi, halafu kitu kigumu chenye mifereji. Kipo! Kijana akakimbia, akarudi na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaanza kuipitisha shingoni kwa kuku kama daktari. Nilimwacha afanye, ingawa nilijua haitaleta kitu, kwa sababu chuma cha saa, kile wanachokiita 316L, hakishikwi na sumaku. Kuku mwenyewe alitulia, nadhani alianza kupenda.

"Baba mdogo," kijana akasema, "tumpe sabuni?"

Hapana, nikamwambia, tusubiri kitoke chenyewe. Hapo ndipo alipotokea mke wangu, akasikiliza kisa chote, akakaa chini kucheka, kisha akanieleza jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Kuku hana meno. Vijiwe anavyomeza vinakwenda kukaa kwenye firigisi, ndivyo vinavyomsagia chakula, na havina haraka ya kutoka. Vinaweza kukaa humo wiki na wiki. "Kitunguu chako," akasema akifuta machozi, "kimeshapata ajira."

Sikukuu ni kesho. Saa haina ufunguo, maana yake haitiwi majira, haipigi, haina tofauti na ile iliyokufa mkononi kwa mzee. Njia ilikuwa moja: kishingo aingie kwenye orodha ya kuchinjwa.

Lakini orodha ilikwishapangwa. Walikuwapo majogoo wawili, wamefungwa miguu chini ya mwembe tangu asubuhi. Kishingo hakuwamo wala asingekuwamo, ni mtagaji, mama mkwe anamlisha kwa mkono wake. Na mkwe huombi kuku ukweni. Kuku unachinjiwa, unashangaa, unasema "mmejisumbua bure," unakula. Kuelekeza kidole kwamba nataka yule pale, hilo halijapata kutokea tangu dunia iumbwe.

Nikamtuma mke wangu. Nilimsisitiza asiseme habari ya saa. Akaenda jikoni, na huko akasema neno ambalo hadi leo tunagombana ni nani alilibuni. Alisema, "Mama, mwenzangu ana hamu na yule kishingo."

Kimya. Kisha mama mkwe: "Hamu?"

"Eti tangu amwone, hamtoki moyoni."

"Wewe," mama mkwe akasema, sauti imebadilika, "mna jambo mnalotuficha?"

Zipo mimba, kwa wanavyoamini wazee wetu, ambazo mama anabeba tumbo na baba anabeba hamu. Mke wangu akakana. Na binti akikana mbele ya mama yake, ndiyo amethibitisha. Kabla ya futari ya mwisho, mashangazi wote walikuwa na habari. Mmoja alinipita ukumbini akanitupia jicho la huruma, akaniuliza kama udongo nautamani pia. Mwingine aliniletea embe bichi na chumvi. Nililila, ningefanyaje? Mke wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa ua kwa macho ambayo siwezi kuyaeleza hapa, watoto wanasoma.

Ila kishingo alihukumiwa. Mama mkwe alimkamata mwenyewe usiku huo na kumfunikia tenga, akisema mjukuu ndiye mkubwa kuliko mayai.

Asubuhi ya Idi tuliporudi msikitini, kazi ilikuwa imeanza uani. Nilijua kitunguu kiko wapi. Swali lilikuwa ni nani atakayeipasua firigisi, na mabaki yatatupwa wapi. Maana firigisi huchanwa, mchanga na vijiwe vikamwagwa, ile ngozi ya ndani ya njano ikabanduliwa, basi. Kitunguu kikienda na uchafu shimoni, kwaheri. Ikanibidi nisogee karibu na jiko. Nikajifanya natafuta maji. Nikarudi kutafuta glasi. Nikarudi kurudisha glasi. Kila nikifika, mazungumzo yanakatika, na macho yangu, nakiri, yalikuwa yameganda kwenye beseni la nyama.

"Unatafuta nini, baba?" akauliza shangazi mwenye kisu.

"Kitunguu," nikajibu, likanitoka.

Akanipa kitunguu. Cha kukaanga. Nikasimama nacho mkononi, nikauliza kwa upole kwamba ile firigisi ya kishingo, itapasuliwa saa ngapi.

Nilisikia mwiko ukianguka. Pale Muheza, na nadhani kwenu pia, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hata akisafiri inamsubiri. Mke haigusi, watoto hawaiulizi, na mkwe hata kuitaja haitaji. Mimi nilikuwa nimetoka mjini na mimba ya kusingiziwa kuja kuililia firigisi ya mzee sikukuu mchana.

"Ni hamu," mama mkwe akanitetea kwa unyonge. "Msimlaumu, siye yeye."

Nikaondoka na kitunguu changu. Yule kijana niliyempanga awe jasusi wangu jikoni alikuwa ametumwa dukani kununua soda, na akakutana na bembea.

Tulikaa kula wanaume ukumbini, wageni wamejaa, mzee katikati na kofia yake ya kiua. Pilau ikaja. Kuku wakaja. Mwisho akaja shangazi mwenyewe, si mtoto wa kutumwa, amebeba visahani viwili. Kimoja kina firigisi. Kingine kimefunikwa na kawa ndogo, kana kwamba kilichomo kinaweza kuruka.

"Kaka," akamwambia mzee, "hiki kimetoka ndani yake. Mimi sikukishika kwa mkono."

Akafunua. Jirani mmoja alisoma dua kwa sauti.

Mzee akakichukua bila wasiwasi, akakisogeza kwenye mwanga, akakizungusha kwa kidole gumba na cha shahada, akiisikiliza ile mifereji. Akachungulia tundu la chini ambamo kijiti huingia.

"Huu ni ufunguo wa saa," akasema. "Tena saa kubwa." Akageuka kwa mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni. "Kuku wako alikuwa na miadi?"

Macho yote yakanijia mimi, mwenye hamu.

Nikaingia chumbani, nikaitoa saa ilivyokuwa, nikaichukua na lile jamvi la vifaa. Hapohapo kati ya sahani za pilau nikakikaza kitunguu kwenye kijiti kilichokwisha kupigwa tupa, nikakisukuma ndani mpaka kikaitika *tik*. Kikakaa sawasawa, ukucha haupiti. Na tazama: ule mng'ao wake wa kiwandani, ambao siku zote uliniudhi kwa sababu ulionekana mpya mno kwa saa ya kizamani, ulikuwa umekwisha. Kulala kwenye mchanga wa firigisi kulikuwa kumekitia rangi ya kijivu iliyofifia, yenye michubuko midogomidogo, kama kilipita vitani kweli. Watu wa starehe hii hulowesha vipande kwenye siki na kuvisugua kwa siku nyingi wakitafuta sura hiyo, na hawaipati.

Mzee akaitia ufunguo mwenyewe. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu hadi pilau ikaanza kupoa na wageni wakaanza kutazamana. Kisha akaivua ile iliyokufa, akaivaa hii, akainyosha mbali na kusoma bila miwani: "Saa saba na robo." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Firigisi akaikata katikati kwa kisu, nusu akaiweka kwenye sahani yangu, jambo ambalo shangazi amelisimulia hadi Korogwe.

"Sasa habari ya saa nimeielewa," mzee akasema, akinawa. "Na habari ya mimba?"

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Nikamsikia akiguna. Mama mkwe akajibu kwa niaba ya wote kwamba mambo hayo hayasemwi mbele ya watu, na tangu siku hiyo kila wiki anapiga simu kuuliza kama mtoto ameanza kucheza.