Habasoda ya Shangazi

Kisiwani kwetu Lamu saladi ni mgeni wa heshima. Yatoka bara kwenye baridi, yateswa na lori hadi Mokowe, yapanda boti, na ikifika sokoni imenyong'onyea kama abiria aliyetapika njia nzima. Ndiyo nikaamua kuotesha yangu darini, kwenye madumu ya mafuta yaliyokatwa ubavu, chini ya kivuli cha makuti.

Mbegu zake zina maringo. Udongo ukipata joto la kupita nyuzi 30 hivi, nyingi hulala zisiamke, hata umwagilie mpaka kisima kikauke. Tena hutaka mwanga, hazipendi kufukiwa. Muuza mbegu akanishauri nizihifadhi kwenye friji mpaka masika yapoze dari. Nikazimimina kwenye kichupa kilichokuwa cha habasoda. Karatasi ya jina sikuibandua, nani angekigusa?

Ramadhani ikaingia, shangazi akaja kumsaidia mke wangu kupika futari. Jioni moja natoka kuswali magharibi, naketi mkekani, mbele yangu mkate wa moto, na juu yake vimbegu vyeusi vyembamba, vimechongoka. Habasoda ni fupi, ina pembepembe. Hizi nilizijua.

"Shangazi, ufuta wa leo mbona mweusi?"

"Ufuta umekwisha, baba. Nimetia habasoda yenu ya friji. Kitu kizuri hivi mwakificha?"

Gramu moja ya mbegu za saladi ni kama mbegu 1,000. Shemeji yangu akamega tonge, nikaona dumu zima limekwenda. Akamega la pili, akalichovya kwenye mchuzi, likaenda dumu la jirani yake. Shemeji huyu saladi haili. Asema majani ni ya mbuzi.

Kisha likanijia jengine: mbegu nyingine hupakwa dawa ya ukungu! Zangu hazikuwa na rangi, lakini moyo ulishaanza kunidunda. Nikanyanyuka mbio hadi kidakani nilikoweka pakiti, nikawasha tochi ya simu. Picha ya saladi. Sentimita 25 kati ya mche na mche. Huvunwa baada ya siku 45 hadi 50. Nikageuza, nikageuza tena. Sumu haikutajwa.

Mke wangu akasimama mlangoni. "Watu wanafuturu, wewe wasoma nini?"

"Naangalia nafasi kati ya mche na mche."

Akaniangalia, akarudi kwa wageni bila neno.

Niliporudi mkekani kilibaki kipande kimoja, na shemeji, kwa ukarimu wake, akanisogezea. Nikala. Ladha hakuna, ila zinaingia kwenye meno kisawasawa.

"Na hiyo si ya mkate tu," shangazi akawaambia watu. "Nimelamba kijiko na asali wakati wa daku, kifua hiki mwakiona? Kimefunguka!"

Habasoda husemwa ni dawa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Nani atabisha mbele ya wazee? Alipoaga, kichupa kilikuwa ndani ya buibui lake.

Baada ya siku chache akaja mtoto na kichupa kitupu: shangazi ataka nyingine, na jirani yake naye kifua chamsumbua. Nikaenda dukani, nikanunua habasoda safi, ya bei, nikajaza hadi shingoni.

Kabla ya isha mtoto amerudi nacho.

"Shangazi asema hii siyo. Ataka ile ya kweli."