Fulana Yangu na Mwenye Filimbi

Nani aliyewaambia watu wa mabwawa ya kuogelea kwamba fulana ni silaha? Pale ukutani wameandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: mbwa hawaruhusiwi, chupa za kioo haziruhusiwi, kuingia majini na fulana hakuruhusiwi. Yaani mimi na fulana yangu tumewekwa kundi moja na mbwa na vigae vya chupa.

Na fulana yenyewe mnaijua, msijifanye. Kila mwenye kitambi anayo. Ile iliyofifia rangi, imelegea shingoni, imestaafu kuvaliwa mbele za watu, sasa imebaki na jukumu moja tu hapa duniani: kumsitiri mwenyewe siku ya maji. Haimdhuru mtu. Haijawahi kumuuma mtoto.

Wala sikwenda pale kwa kupenda. Magoti yamegoma, na daktari kasema niogelee, kwamba mtu akisimama kwenye maji ya kifuani, zaidi ya nusu ya uzito wake unabebwa na maji, magoti yanapumua. Kasema kirahisi tu, huku amevaa koti jeupe limemfika magotini. Aliyevaa koti hakosi ushauri wa kumpa aliye uchi.

Habari za kununua chupi ya kuogelea sitaki kuzieleza. Kile chumba cha kujaribia, ile taa iliyowekwa juu ya utosi, vile vioo vitatu vinavyokuonesha mgongo ambao umeishi nao miaka yote kwa amani kwa sababu hamjawahi kuonana. Muuzaji akaniambia imenipendeza. Alikuwa anaangalia simu.

Basi nikafika, nikabadilisha, fulana juu, taulo juu ya fulana. Mwenye macho angeona taulo linatembea. Kutoka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo mpaka ukingo wa maji ni hatua chache tu ukiwa umevaa suruali. Ukiwa na chupi ya kuogelea ni safari ya kuaga familia. Nikavuta tumbo ndani, pumzi nikaifungia kifuani, nikaanza kunyata taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Tatizo la kuvuta tumbo ni kwamba huwezi kusema neno, ukifungua mdomo tu bidhaa yote inarudi mahali pake. Hapo hapo filimbi ikalia.

Priii!

"Mzee! Fulana!"

Bwawa zima lina watu, kelele za watoto, muziki, na bado nilijua ni mimi. Nikageuka. Kijana amekaa kwenye kiti kirefu cha mlinzi wa bwawa, tumbo bapa, halina hata mkunjo. Tumbo la mtu ambaye hajawahi kulipa kodi ya nyumba.

"Kijana wangu," nikamwambia kwa sauti ya upole, ile ya mtu mzima anayekusudia kukufundisha adabu, "hata shikamoo hukuanza nayo, umeanza na fulana."

"Shikamoo mzee. Fulana."

Nikamwambia marahaba. Nikamuuliza fulana imemkosea nini. Nilitegemea aseme ni amri kutoka juu, nami nidai kumwona huyo wa juu, tuishie hapo. Kumbe kijana kasoma! Akateremka kitini, akanieleza kwa heshima zote kwamba pamba inaachia nyuzi, nyuzi zinakwenda kuziba vichujio. Kwamba pamba ikilowa inakuwa nzito, na mtu asiye mwogeleaji mzuri inamvuta chini.

"Acha inivute," nikamwambia. "Nikizama, nizame nimevaa."

"Mzee, nikija kukuokoa nitawaokoa wawili, wewe na fulana."

Watu wawili watatu wakacheka. Pale ndipo damu ilipochemka, na mimi nikikasirika huwa msomi. Nikamuuliza kama ana habari kwamba Uingereza, tangu karne ya 18, mtu mwenye heshima zake alikuwa haonekani ufukweni hivi hivi. Kulikuwa na vibanda vya mbao vyenye magurudumu. Unaingia umevaa nguo zako kamili, farasi anakukokota mpaka majini, unabadilisha humo ndani, kisha unashuka kwa ngazi upande wa bahari, hakuna aliyekuona. Farasi! Sisi tumepewa nini? Pazia la plastiki lisilofika ukutani.

Kijana akasema hana farasi.

Nikamwambia basi asikilize jingine. Atlantic City, Marekani, miaka ya 1930, mwanaume aliyekwenda ufukweni kifua wazi alikuwa anakamatwa na polisi. Wanaume! Kwa kifua! Mimi na fulana yangu ningekuwa raia mwema kabisa, wewe hapo ulivyo ungekuwa kituoni unatoa maelezo. Na akina dada ndiyo usiseme. Ipo picha ya mwaka 1922, Washington, afisa kainama na utepe mkononi, anampima dada wa watu kutoka goti hadi pindo la vazi la kuogelea, maana amri ilikuwa lisipande zaidi ya inchi 6 juu ya goti. Inchi 6! Serikali nzima imeajiri mtu wa kupima mapaja.

"Na hayo mavazi yao si yalikuwa ya sufu?" kijana akauliza.

"Ya sufu!"

"Si yalikuwa yakilowa yanakuwa mazito?"

"Mazito sana! Yalikuwa yananing'inia! Lakini yaliwasitiri!"

"Mzee, ndiyo hayo ninayokwambia ya fulana."

Unaona jinsi vijana wanavyokuwa? Umempa historia, yeye anaigeuza ushahidi dhidi yako. Nikaona maneno hayatoshi, huyu anahitaji kuoneshwa kitu. Nikatupa taulo begani, nikaivua ile fulana, nikamnyooshea mbele ya macho, nikaishika mabegani na kuielekeza kwenye mwanga aone ilivyochakaa, aone jua linavyopita upande wa pili. "Hii ndiyo ya kumzamisha mtu? Hii? Pima mwenyewe uzito wake! Hata upepo unaionea huruma!" Nikaendelea kuhutubia, mkono mmoja fulana, mwingine unakata hewa, kitambi nacho kinaunga mkono kila hoja.

Katikati ya hotuba nikahisi kitu kinanigusa kiwiko. Mtoto wa kike, maji yanamtiririka, kofia ya mpira imembana mpaka nyusi zimepanda juu.

"Mjomba, nishikie."

Nikafungua kiganja bila kufikiri, mtu akiambiwa shika anashika. Akaniwekea jino. Dogo, jeupe, lina doa la damu upande wa chini, bado lina joto la mdomo wake. Kabla sijauliza ni la nini na nilifanyeje, mwenye jino alikwisha kujitupa majini.

Sasa nieleze, chupi ya kuogelea ina mfuko gani? Nimesimama mbele ya umati, nusu uchi, fulana mkono huu, jino la mtoto nisiyemjua mkono huu, na hoja yangu bado haijaisha. Kwenye ngumi siwezi kulibana, litavunjika. Kuliweka chini siwezi, litakanyagwa, kisha niulizwe. Nikawa nahutubia na kiganja wazi mbele, mtu angepita angedhani naombaomba.

Kijana akaniangalia, akaangalia jino, akasema, taratibu kabisa, kwamba kama shida yangu ni kujifunika, zipo fulana za kitambaa cha kuogelea, zenye mikono mirefu hata, zinaruhusiwa. Akanionesha kwa kidole. Kweli, kule upande wa pili babu mmoja anakata maji na yake ya buluu, imembana vizuri. Na dada mwingine amevaa lile vazi la kufunika mwili mzima kuanzia kichwani, lile lililobuniwa Australia mwaka 2004 na mama mmoja anaitwa Aheda Zanetti, anaogelea huyo kutuzidi sote.

"Tatizo si kujifunika, mzee. Tatizo ni pamba."

Na hilo ndilo tangazo lilishindwa kuandika? Wana wino mwekundu wa kutosha kuandika habari za mbwa, wakakosa wino wa kuandika neno "pamba"? Mimi nimekuja hapa na presha, nimenyonya tumbo mpaka mbavu zinauma, nimevuliwa nguo kwa nguvu ya hoja zangu mwenyewe, ndiyo naambiwa kumbe mlango ulikuwa wazi! Nilimpa lile jino. Nikamwambia shika, ofisi ni yako, vilivyopotea na kuokotwa vinaletwa kwako. Akalipokea. Fulana nikaining'iniza kwenye kiti chake, taulo nikaliweka juu yake, nikaondoka.

Ni pale nilipokuwa naondoka ndipo nilipokumbuka kwamba sina nguo. Nikaangalia huku na huku kuwahesabu wanaonitazama. Hakuna. Wale waliocheka wamesharudi kwenye habari zao. Jamaa mmoja mnene kunizidi anakula bila wasiwasi. Dada mmoja amejifunga taulo mpaka kwapani na anatembea ule mwendo wangu wa mayai, macho chini, anaogopa kutazamwa na mimi, mimi niliyekuja kuogopa kutazamwa naye. Inaudhi! Mtu unajiandaa wiki nzima kuaibika, unafika, wenzako hawana muda.

Wataalamu wamelipima hilo. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha majaribio yao: mwanafunzi anavalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wa pale waliiona ya aibu, anaingizwa kwenye chumba cha wenzake, kisha anaulizwa ni wangapi walioitambua. Wengi walikadiria karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa kama robo. Habari njema, sikatai. Lakini mmesikia wamevaa nini hao wa majaribio? Fulana! Mnipe matokeo ya waliovuliwa.

Na wanaosema aibu ya bwawani ni ushamba, wamuulize Louis Réard. Yule fundi Mfaransa, Julai 1946, alipotaka kuonesha bikini yake ya kwanza pale bwawa la Molitor mjini Paris, hakupata mwanamitindo wa kuivaa. Wanamitindo wa Paris, watu ambao kazi yao ni kutazamwa! Ikabidi amchukue Micheline Bernardini, mcheza dansi wa Casino de Paris, aliyekuwa amezoea kupanda jukwaani na nguo chache kuliko hizo. Siku chache kabla yake Marekani ilikuwa imelipua bomu la atomiki kisiwani Bikini, naye akaona hilo ndilo jina la kuliita vazi. Kama Paris walisita, mimi ni nani nisisite?

Kuingia majini nako wamekufanyia mtihani. Ile ngazi ya chuma aliyeibuni alikuwa na kisirani na watu. Huwezi kuteremka ukiwa umeelekeza uso majini. Lazima uteremke kinyumenyume, makalio yatangulie, pole pole, moja moja, wewe umeshika vyuma huku na huku, huna mkono wa kuvuta kitambaa kilichoingia pasipostahili. Maji yakafika kitovuni nikaguna sauti ambayo sijawahi kuitoa nyumbani.

Lakini yakishafika kifuani, nani anajua una nini chini? Magoti yakatulia kweli. Bosi wangu akapita karibu, amevaa kofia ya mpira, tukasalimiana kwa heshima, vichwa viwili juu ya maji, na akafika mwisho wa bwawa bila kuuliza ripoti. Mama mmoja kajichukulia mstari wa waogeleao haraka, anaogelea na nywele kavu, anaongea na shoga yake wa mstari wa pili habari za harusi ya mtu, foleni nyuma yao imefika ukingoni. Filimbi haikulia. Filimbi ile ni ya fulana tu.

Na macho yakaanza kuwasha. Mnadhani ni klorini? Mimi pia nilidhani, mpaka nikaelezwa kwamba klorini peke yake haina makali hayo. Ile harufu tunayoisifia usafi, ile inayowasha macho, inatokana na klorini ikikutana na jasho na mkojo wa watu. Ndiyo, mkojo. Kadiri bwawa linavyonukia usafi ndivyo wateja walivyolichangia. Nikaanza kuwachunguza watu usoni. Wote wanahangaika, wanapiga miguu, wanakohoa. Isipokuwa yule babu wa fulana ya buluu. Ameacha kuogelea, kasimama kule kona ya kina kifupi, kimya, ametazama mbali, uso umetulia utadhani ndiyo kwanza kasamehewa deni.

Nikamwita mwenye filimbi kwa mkono. Akanipungia.