Msaidizi wa Kwenye Karatasi

Upepo wa kusi ukishakaa sawa, ufukwe wa Paje, mashariki mwa Unguja, hujaa kaiti za rangi zote, zile tiara kubwa za kumvuta mtu juu ya maji. Wanafunzi ni wageni, na walimu wengi nao wageni. Msimu wenyewe hauvuki Septemba. Baada ya hapo husubiriwa kaskazi ya Disemba. Mwenye skuli ya kaiti atakulalamikia kwamba mwalimu wa miezi mitatu anamtoa jasho la makaratasi kama vile anaajiri meneja wa miaka miwili. Mimi namwelewa.

Kazi si jambo la Muungano, uhamiaji ni la Muungano. Kwa hiyo kibali cha kazi hutoka Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005, na kibali cha ukaazi hutoka Uhamiaji. Milango miwili, na kila mmoja una ada yake. Wapo wanaochoka mapema, wakamwita mwalimu wao "anayejitolea": alale bure, ale bure, kibali asiwe nacho. Anajitolea kwa nani, hatuulizi.

Ila ile hoja ya pili ya waajiri, kwamba wenyeji hawana sifa, naipokea nusu. Nenda Kiwengwa uwasikilize vijana wanaouza vinyago pwani. Wanavutana bei kwa Kiitaliano ambacho hawakukisomea popote. Ukivuka ukuta wa hoteli, mapokezi amekaa mtu aliyeletwa kutoka nje kwa sababu ya lugha. Kijana wa pwani anachokosa ni cheti, na kuizoea ile kompyuta ya kupokelea wageni. Hivyo hufundishika.

Na neno "mgeni" lenyewe lina vituko vyake. Barazani, mpishi wa Mombasa na mpishi wa Mwanza wote ni watu wa kuja. Kisheria, wa Mwanza ni Mtanzania, hahitaji kibali. Wa Mombasa anahitaji, ingawa Kiswahili chake kinakaribiana zaidi na chetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010, lakini Tanzania iliwafungulia wafanyakazi wa fani ilizoziorodhesha tu, si kila mtu.

Bara, sheria ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ya mgeni. Wazo zuri, na huku kwetu pia waajiri hulisema. Hapo ndipo penye uzito kuliko hesabu ya wageni wangapi wameingia. Kijana mmoja wa hoteli ya pwani ya mashariki aliniambia kwamba kwenye karatasi yeye ndiye aliyeandikwa msaidizi wa kumrithi mpishi mkuu wao, ambaye ni mzungu. Nikamuuliza, mwaka wa pili huu, amekufundisha nini?

"Kaka, miye namenya viazi. Mchuzi wa pweza, miye ndiye niliyemwonyesha yeye."

Mwekezaji ana haki ya kumweka mtu anayemwamini juu ya mtaji wake, na mwalimu wa kaiti apatiwe kibali chepesi cha msimu, kwa ada ya msimu. Lakini mpishi mkuu anapoomba kuongezewa muda, faili peke yake lisitoshe. Aitwe yule msaidizi, aulizwe menyu inapangwaje na samaki wa wiki nzima wanaagizwa kwa shilingi ngapi. Akikwama, mwajiri ndiye aeleze miaka miwili ile kijana alikuwa wapi.