Mikoko ya Kaloko ilistahili kukatwa

Msomaji aliyezoea kuona mikoko ikipandwa Gazi, Lamu na Rufiji atashtuka kusikia kwamba huko Kaloko-Honokōhau, hifadhi ya kihistoria ya taifa iliyo pwani ya Kona, kisiwa cha Hawai‘i, ilikatwa makusudi. Wanaopinga wana hoja: mkoko hushika tope, huhifadhi kaboni na huwaficha samaki wadogo. Kwingine kisiwani humo miti ilidungwa sumu ikaachwa imesimama, mikavu, na wakazi wakalalamika. Walikuwa na haki.

Ila visiwa vyote vya Hawai‘i havikuwa na mkoko hata mmoja hadi 1902, ulipoletwa kutoka Florida na kupandwa kisiwa cha Moloka‘i ili uzuie tope. Kaloko ulikuta kitu kikongwe kuliko wenyewe. Ukuta wa bwawa la samaki pale una urefu wa mita 230 hivi na upana unaozidi mita 9, mawe matupu ya volkano, bila saruji wala chokaa. Nafasi kati ya mawe ndizo uhai wake: wimbi likipiga, maji hupenya na nguvu zake huishia humo ndani. Mlango wake, mākāhā, ni fito zilizosimamishwa kwa kubanana. Vifaranga vya mkizi na mwatiko hupita kuingia, wakishanenepa hawatoki.

Mbegu ya mkoko huota ingali mtini, huanguka, huelea, kisha hujichomeka kwenye nafasi hizohizo. Mzizi ukinenepa husukuma jiwe. Jiwe moja likisogea, ya juu yake hulegea, na dhoruba inayofuata humalizia kazi. Ukisubiri mti ukomae ndipo uung’oe, utatoka na ukuta. Dawa ni kuukata chini kabisa na kuiacha mizizi ioze, kisha fundi apange mawe upya. Wakata boriti wetu wanajua kwamba mkoko uliokatwa hivyo hauchipui kama mchu, aina nyingine ya mikoko, kwa hiyo sumu ya nini? Baada ya hapo ni doria tu: miche ing’olewe kwa mkono ingali laini, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu bahari haiachi kuleta mbegu.

Tena kuna ae‘o, ndege wa miguu mirefu ya waridi, wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000 tu. Hula na kutaga kwenye tope na maji mafupi yaliyo wazi. Kichaka kikifunga, hukosa pa kukanyaga, na nguchiro na panya hupata maficho.

Hoja ya tope ina uzito Moloka‘i kusini, ambako udongo huteremka kutoka vilima vilivyoliwa na mifugo, ukikata huko kabla ya kudhibiti vilima, matumbawe yatafunikwa. Kona haina mto wa kudumu, na ufuko wake ni lava. Kaloko, tope la kuzuiwa na mkoko ni lipi?